Irente: Mlima na pumzi ya mwenye moyo dhaifu

Kutoka Mombo, barabara hupanda kwa kona nyingi kama kilomita 33 hadi Lushoto, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo watu hutembea hadi genge la Irente, wakipita mashamba ya mahindi na migomba. Wenyeji hupanda huku wakipiga soga.

Familia inayokuja likizo na mzee ambaye moyo wake hausukumi damu ya kutosha hujiuliza: twende naye, au abaki nyumbani?

Mtazame akipanda. Hata kwenye mwinuko mdogo huhema haraka haraka, pumzi fupi fupi. Wengi hudhani mapafu yanakosa hewa. Mara nyingi hewa inaingia na oksijeni iliyomo kwenye damu inatosha; ila damu inayofika kwenye misuli ni kidogo. Ndani ya mapafu nako damu haisambai vizuri, hivyo sehemu ya kila pumzi hupotea bure. Misuli ya miguu iliyodhoofika huchoka mapema na kuutaka ubongo uongeze kupumua. Kwa mwendo uleule, yeye hutumia pumzi nyingi kuliko wewe.

Ndiyo maana kumfungia ndani si kumlinda. Miguu ikizoea kukaa, kuhema huzidi. Kama hali yake imetulia na daktari amemruhusu, kutembea taratibu mara kwa mara huimarisha misuli, na kuhema hupungua.

Kwa hiyo mpandisheni kwa gari, kisha atembee palipo tambarare. Atangulie yeye, nyinyi mfuate mwendo wake. Mzungumzishe: akishindwa kumaliza sentensi, simameni apumzike. Dawa zake zisiachwe nyumbani kwa sababu ya safari.

Lakini akihema hata akiwa amekaa, akihitaji mito mingi ili alale, miguu ikivimba, au uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, ahirisheni matembezi, aonane na daktari. Maumivu ya kifua au kuzimia ni dharura. Mpelekeni hospitali mara moja.

Pale gengeni, Mazinde na nyika ya Wamasai vinaonekana mbali chini. Aliyetembea hatua mia moja kutoka kwenye gari anaiona nyika ileile anayoiona aliyepanda kwa miguu.