Tangi Ambalo Hatukuliomba

Barua niliiandika mimi. Nalisema wazi kwa sababu kijijini kwetu, huku milima ya Usambara, wapo walioamini kwamba aliyekosea ni katibu wa kamati ya maji, na wengine waliamini kwamba Wazungu waliotufadhili hawakuisoma. Imani zote mbili nilizilea kwa kunyamaza. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa Kiingereza, naitwa "Mwalimu" mpaka sokoni, na barua yoyote ya lugha hiyo, iwe ya viza au ya kuomba kazi, ilipita kwanza barazani kwangu. Hadhi ya namna hiyo ni tamu, na mtu huilinda.

Shida yetu ilikuwa rahisi kueleza. Tangi la maji lilikuwa zima. Mnara wa zege uliolibeba ndio uliokuwa na ufa, tena ufa wa kutisha, na fundi alituonya tusilijaze zaidi ya nusu. Kwenye muhtasari wa kikao katibu aliandika: "Kamati iombe msaada wa kukarabati mnara wa tangi uliopasuka." Mwenye Kiswahili hawezi kuuliza kilichopasuka ni kipi. Ile u ya "uliopasuka" imeshamjibu kwamba ni mnara. Lingekuwa tangi, katibu angeandika "lililopasuka".

Nikaketi na muhtasari ule, nikaandika: "Having been exposed to heavy rains for many years, we most humbly request your kind assistance in respect of the tower of the tank which has cracked." Nikaisoma kwa sauti, nikaipenda. Msomaji wa Uingereza akiisoma anaelewa kwamba sisi wanakamati ndio tulionyeshewa mvua miaka mingi, na kwamba kilichopasuka ni tangi.

Miezi ikapita, lori likapanda mlima likiwa na tangi jipya jeusi. Wafadhili walikuwa wametimiza kile walichokisoma. Sisi hatukuwa na pa kuliweka, maana mnara ulikuwa ule ule na ufa wake ule ule. Likateremshwa uwanjani, mbele ya ofisi ya kijiji, mbuzi wakapata kivuli. Usiku ule nilitoa nakala yangu ya mkono, nikaisoma kama mgeni, nikaona.

Kwa hiyo kikao kilipoitwa nilikuwa tayari najua. Mwenyekiti akauliza imekuwaje. Katibu, binti niliyemfundisha sekondari, akainuka. "Shikamooni wazee wangu. Huenda ni mimi. Huenda nilikosea kuchapa." Nakala ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Kuchapa nako kunahitaji utulivu, mwanangu." Ukiipima kwa sarufi, ile si sentensi ya uongo. Nilijua itakavyosikika, na ilisikika hivyo hivyo.

Inakuwaje mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote aandike vile? Niliandika Kiingereza huku kichwa kikitegemea viambishi vya Kiswahili. Kwetu kitenzi hubeba alama ya mwenyewe kila kiendako. Weka maneno kumi kati ya mnara na kupasuka kwake, u itavuka yote na kumfikia mwenyewe. Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na mali inayofanana na hiyo. Kile cha kale, kilichosemwa kabla Wanormani hawajavamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na miishio ya maneno iliyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, hata maneno yakihama nafasi. Miishio hiyo ililika kidogo kidogo. Mshairi wao Chaucer alipofariki mwaka 1400, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha. Kazi ya miishio ikaangukia mpangilio wa maneno. Tangu hapo, katika lugha ile, mahali neno linapokaa ni sehemu ya maana yake. "Which" haina ngeli, haina umoja wala wingi. Ni kupe, humng'ang'ania aliye karibu. Na aliyekuwa karibu na "which" yangu alikuwa tangi.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa ule mwanzo niliojivunia. "Having been exposed" haisemi ni nani, kwa hiyo msomaji husubiri jina la kwanza baada ya koma, na jina hilo lilikuwa "we". Kwa Kiswahili ningesema "kwa kuwa umenyeshewa", na u ingemaliza kazi bila mimi kufikiri. Huku kutofikiri ndiko nilikokubeba hadi kwenye barua.

Haya sikuwafundisha watoto. Nilishughulika na mengine. Nilikata kwa kalamu nyekundu "the chair I sat on", sentensi isiyomkwaza Mwingereza yeyote, kwa sababu nilikariri kwamba sentensi haimalizwi kwa kihusishi. Baadaye nilikuja kusoma amri hiyo ilikotoka. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, mwandishi aliyekwisha kufariki, kwa kumaliza sentensi namna hiyo. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, aliandika katika kitabu chake cha sarufi kwamba mtindo rasmi unapendezwa zaidi na njia nyingine, huku akikubali kwamba lugha yenyewe ina mwelekeo huo. Ulikuwa ushauri wa mtindo. Mikononi mwangu ukawa kosa la kukatiwa alama. Wakati huo huo aliyechomeka "whereby" pasipostahili nilimsifu mbele ya darasa, maana insha yake ilisikika nzito.

Uzito huo niliupenda tangu ujana, kutoka kwenye barua za ofisini. Waingereza wenyewe walikuwa wameshauona kuwa ni ugonjwa. Mwaka 1948 Ernest Gowers, aliyefanya kazi serikalini miaka mingi, alichapisha "Plain Words", kitabu alichoombwa na Hazina ya Uingereza ili watumishi wa serikali wajifunze kuandika kwa uwazi. Sisi tukaendelea kuiga barua ambazo wenyewe walikuwa wakijaribu kuziacha, na mimi nikiwa mstari wa mbele.

Kwa muda nilijifariji kwa kisa cha jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya huko ilitaja kazi zisizolipiwa saa za ziada, na mwisho wa orodha haukuwa na koma kabla ya neno "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy wakadai kwamba sheria imetaja kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, nao hawafungashi chochote, wanasambaza tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona maneno yale yana utata, ikaamua kwa faida yao. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Nikajiambia: ikiwa watunga sheria waliozaliwa ndani ya lugha hiyo wanateleza, sembuse mimi wa Usambara? Lakini wabunge wa Maine waliirudia sheria ile wakaiandika upya. Mimi barua yangu niliikunja nikairudisha mfukoni, nikamwacha binti wa watu abebe lawama zangu.

Hatimaye nilimfuata katibu nyumbani kwao.

"Mwanangu, kosa halikuwa la kuchapa."

"Najua, Mwalimu."

"Umejuaje?"

"Nilipokuwa nachapa niliona hapa tangi ndilo lililopasuka. Nikasema labda ndivyo Kiingereza cha wakubwa kilivyo. Darasani ulikuwa ukitupunguzia alama tukiandika sentensi fupi."

Aliyasema bila hasira, karibu kwa kunihurumia, nami nikakosa pa kutazama. Nilikuwa nimemfundisha vizuri kiasi cha kuona kosa, na vibaya kiasi cha kuogopa kulitaja.

Kikao kilichofuata niliomba nafasi, nikasoma nakala yangu mbele ya wote, nikaeleza neno kwa neno nani alionyeshewa na nini kilipasuka. Nilitegemea ukimya. Wakacheka. Mzee mmoja akauliza kama mimi ndiye nitakayelirudisha tangi Ulaya, na kama nitalibeba kichwani. Kisha wakampa katibu kazi ya kuandika barua ya pili, bila kunitazama.

Aliandika nusu ukurasa. Mwanzo wake ulikuwa huu: "The tower has cracked. The tank is safe." Hapo sentensi zote mbili zina mwenyewe, na mwenyewe amekaa ubavuni mwa kitenzi chake. Chini yake akaeleza tangi jipya lipo wapi, ukarabati wa mnara utagharimu kiasi gani, fundi ni nani. Akabandika picha ya ufa.

Kwa heshima aliniletea niikague. Niliisoma yote, na kabla ya ombi nikachomeka "most humbly". Akaifuta mbele yangu, akaituma.