Kivuli cha Uani

Wengi wetu wa mjini tunadhani kukausha majani ni kazi ya jua. Jaribu uone. Anika mnanaa juani saa nne asubuhi, saa tisa unaokota kitu chenye rangi ya bahasha ya kaki, harufu imeshakwenda zake. Harufu ya majani ni mafuta, na mafuta hayo huruka kwa joto. Bibi yangu hakusoma hayo popote, ila kwake majani hukaushwa na upepo. Jua ni la nguo na dagaa.

Vyake alipanda uani, nyumbani kwetu Kariakoo: mchaichai kwenye ndoo iliyotoboka, mrehani na mnanaa kwenye makopo ya rangi. Alikata asubuhi umande ukishakauka, akafunga vichane vyembamba (vinene huoza katikati), akavitundika kichwa chini kwenye upenu wa jiko. Msimu wake Juni hadi Septemba, masika yakishapita na vuli haijafika. Hewa ya Dar ina maji, bwana. Kikonyo ukikikunja kikavunjika ta! tayari. Kikipinda tu, kirudishe kambani, la sivyo utafungua chupa ukute ukungu. Kotimiri hasumbuki nayo. Majani yake yakikauka hayana ladha, anangoja mbegu.

"Kwani fungu sokoni bei gani?" washkaji huniuliza. Ndogo, kweli. Hata soko lenyewe, lile alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilipoungua Julai 2021, mchaichai wa kununua haukukosekana. Lakini fungu la leo kesho limelala, na chai ya alfajiri haingoji wauzaji.

Sasa huo uani. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama nyingi za Kariakoo ya zamani: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, nyuma uani. Zinazidi kupungua. Mwenye kiwanja anatoa ardhi, mwenye fedha anapandisha ghorofa, wanagawana. Zamu yetu ikafika. Wajomba walikubali, mama akakubali, na mimi sikupinga: paa lilivuja, choo kilifurika kila masika, nani ataishi vile kwa ajili ya mchaichai? Kikao kizima bibi aliuliza swali moja tu.

"Huko juu, kivuli kinakaa wapi?"

Watu wakacheka. Mjomba mkubwa akasema kutakuwa na feni.

Tulihamia ghorofa ya saba, na swali la bibi likawa kazi yangu. Roshani inatazama mashariki, jua linaingia bila hodi mpaka saa tano. Jikoni kuna mvuke wa ubwabwa. Korido ina kivuli, upepo hakuna. Siku ya nne majani yakaota ukungu. Penye vyote viwili ni pamoja tu, kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, palipo na matofali ya matundu. Na ngazi ni za watu wote.

"Bibi, majirani watasema."

"Mume wangu, wakisema ndipo utawajua majina."

Kamba tukafunga Julai. Wiki haijaisha, mama wa ghorofa ya sita akagonga mlango. Nikajua ni malalamiko. Kumbe alitaka kujua kama ule ni mrehani au kivumbasi cha kufukuzia mbu. Bibi akamkalisha, maelezo yakachukua saa nzima.

Siku hizi kambani kuna vichane vya mkono mwingine, vinene mno. Usiku bibi anatoka na tochi, anavifungua, anavigawa na kuvifunga upya.