Stempu Zangu

Wenzangu wengi huniuliza napata faida gani kwa kukusanya vikaratasi vilivyokwisha kutumika. Huku kwetu Oldeani, katikati ya mashamba ya kahawa, siku hizi barua ni chache sana, maana habari hupelekwa kwa simu. Ndiyo sababu yangu hasa: stempu zilizopo zisipotunzwa, kesho hatutaziona.

Stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwaka 1840, yenye picha ya Malkia Victoria. Nchi yetu nayo ina habari zake. Mwaka 1893 Wadachi walizipiga stempu za kwao chapa ya bei kwa pesa, na mwaka 1901 wakatoa nyingine zenye picha ya meli ya mfalme wao. Mwaka 1917, wakati wa vita, Waingereza walitumia stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zilizopigwa chapa ya herufi G.E.A.; na mwaka 1922 zikatoka zile zenye kichwa cha twiga na jina la Tanganyika. Tarehe 9 Desemba, 1961, tulipopata Uhuru, stempu mpya zilitolewa siku hiyo hiyo. Unguja nako, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, stempu zenye picha ya Sultani zilipigwa juu yake neno Jamhuri. Basi mwenye macho aweza kuona serikali zikipokezana katika ukurasa mmoja.

Nyingi za hizo nimeziona vitabuni tu. Zangu mimi ni 123, na nyingi ni za kawaida. Ninayoipenda kupita zote ina picha ya kipepeo, ya zile zilizotoka mwaka 1973. Imo juu ya bahasha ambayo marehemu Babu alimpelekea Bibi kutoka Moshi, alikokwenda kutafuta kazi. Bibi hakujua kusoma. Karani wa shamba ndiye aliyemsomea. Barua yenyewe iliharibiwa na mchwa, ikabaki bahasha.

Muhula uliopita mwenzangu mmoja alitaka kunipa stempu kumi za nchi za nje, pamoja na ile ya twiga niliyoitamani miaka miwili, ili nimpe kipepeo. Lakini stempu haibanduki ila kwa kulowekwa, na wino wa Babu ungalichuruzika wote. Nikamwendea Bibi kumwomba ruhusa. Hakunikatalia. Aliipokea bahasha, akapitisha kidole juu ya maandishi, akasema, "Mjukuu wangu, stempu ni yako. Lakini hapa ndipo alipoandika jina langu. Hakuna pengine."

Twiga sikumpata. Bahasha nzima ipo katika daftari langu, nayo ina ukurasa wake peke yake. Baadaye nilisoma kwamba wakusanyaji hodari huiheshimu sana stempu iliyo bado juu ya bahasha yake, kwa kuwa muhuri wa posta huonyesha ilikotoka na siku iliyotumwa. Bibi alikuwa amekwisha kulijua jambo hilo kwa njia yake.

Kwa wanaotaka kuanza, yafaa wajue haya. Stempu isivutwe kwa kucha. Ikate pamoja na karatasi yake, uiloweke katika maji ya uvuguvugu mpaka ijiachie yenyewe, uilaze kifudifudi juu ya gazeti ikauke, kisha uigandamize ndani ya kitabu kizito. Usiibandike kwa gundi. Iliyochanika au kupungua meno haina thamani kubwa, lakini usiitupe mpaka upate iliyo nzuri zaidi.

Nanyi wazazi wetu, mkifungua masanduku yenu mkaona bahasha za zamani, tafadhali msiwashie moto jikoni. Wapeni watoto wenu wazitazame, mkawaeleze ni nani aliyeandika, na kwa nini alikuwa mbali.