Jino Lililocheza

Dada alimleta mwanawe kwenye duka langu la dawa, hapa Maganzo, jioni nikikaribia kufunga. Shavu la kulia lilikuwa limetuna kama ameficha embe bichi mdomoni. "Kaka, ni jino." Nikamulika kwa tochi ya simu, nikagusa gego kwa kidole, kweli likacheza. Sikuona haja ya kutazama zaidi. Nikampa amoksilini, nikaandika kutwa mara tatu juu ya bahasha ya kaki, nikamgeukia mteja mwingine.

Siku kumi nilisubiri dawa yangu ifanye kazi. Haikufanya. Hospitali ya Bugando, kule Mwanza, walikata kipande wakapima: limfoma ya Burkitt, uvimbe ambao seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma usiku, pengine kwa kutafuta msamaha. Uvimbe huu unahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, ndugu wa kile cha tetekuwanga na mkanda wa jeshi, ambacho huja kwa mate. Huingia ndani ya seli B, askari wanaotengeneza kingamwili, kikazihimiza zizaliane, kisha kikajibanza kimya ndani ya zile zenye kumbukumbu. Hakitoki tena. Karibu sote tunacho, mimi pia, na seli T hukilinda kisiamke. Lakini malaria ya mara kwa mara, ambayo huku tunaihesabu kama mafua, huzichochea seli B zigawanyike mno na kulegeza ulinzi. Katika kugawanyika huko, jeni moja huweza kuhamia pasipo pake, na uvimbe ukaanza.

Mwisho wa 1963, kipande cha uvimbe kama huo kilisafirishwa kutoka Kampala, alikokuwa daktari Denis Burkitt, hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein. Kilifika maji yake yametibuka. Ilikuwa rahisi kudhani bakteria wameingia na kuyamwaga. Epstein alitia tone chini ya hadubini, akakuta seli hai zinaelea. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakakitangaza kirusi hicho. Narudi mara nyingi kwenye tone lile. Mimi pia nilikuwa na kitu kilichotibuka mbele yangu, na mwanga mkononi.

Sijui siku kumi zile zilimgharimu mpwa wangu nini. Baada ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani uvimbe ulinywea ndani ya siku chache. Dada alipiga simu akilia kwamba ameliona taya. Hajawahi kunilaumu, nami sijapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini.

Mpwa wangu anasoma sasa. Hupita dukani akitoka shule, namnunulia maandazi. Akiniona nimeshika simu, huziba mdomo kwa kiganja.