Neno la Herufi Saba

Hapa Uingereza, mimi na binti yangu hutazama Countdown, shindano la maneno na hesabu lililoanza mwaka 1982. Washindani hupata herufi tisa na sekunde 30 za kuunda neno refu. Nasi hushindana sebuleni, kalamu mkononi.

Binti amezaliwa huku. Kiswahili hukisikia tu nizungumzapo na bibi yake kwa simu.

Juzi zilitoka M, T, R, S, H, I, A, O, I. Yeye aliandika neno la herufi tano, mimi, “mirathi”.

“Halimo katika kamusi yao, Baba,” akanisahihisha kwa Kiingereza.

Kweli. Kwa kanuni za mchezo, nilipata sufuri. Lakini akauliza maana yake. Nilizima televisheni, nikaanza kumjibu.