Kionga, Kijiji cha Kusini ya Ruvuma

Kiko kijiji kimoja katika mwambao wa kaskazini ya Msumbiji ambacho jina lake huandikwa kwa namna mbili, na nyuma ya kila namna imesimama dola. Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, waliandika Kionga, kama vile mtu wa Lindi au Mikindani angaliandika hata leo. Wareno huandika Quionga, kwa sababu imla yao ilipotengenezwa upya mwaka wa 1911 iliifukuza herufi K, ikaiachia majina machache ya kigeni tu. Masikioni jina ni lile lile. Tofauti haimo katika kinywa cha mwenyeji bali katika kalamu ya karani, na mambo mengi yaliyokipata kijiji hiki tangu mwaka wa 1886 yalianza kwa makarani.

Mahali penyewe hapana kitu cha kuwagombanisha wafalme. Ni nchi tambarare, yenye mchanga, minazi na mikorosho. Mikoko imeshika vinywa vya vijito, na mabondeni hulimwa mpunga mvua zikinyesha vizuri. Watu ni wavuvi na wakulima wa mihogo. Kusini kuna mji wa Palma, katika Ghuba ya Tungi. Kaskazini kuna mlango wa mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni mkoa wa Mtwara. Lugha ya wenyeji wengi wa pwani hiyo ni Kimakwe. Wataalamu hawakuafikiana juu ya Kimakwe: wengine wamekiweka jirani na Kiswahili, wengine wakasema ni ndugu wa Kimakonde aliyekaa mno nyumbani kwa Mswahili hata akachukua maneno na adabu zake. Hata lugha ya hapo, basi, ina kesi ya mpaka. Kiswahili chenyewe hufahamika sana, nacho ndicho kilichozoewa katika biashara na katika maingiliano na watu wa ng'ambo. Kireno ni lugha ya cheti na ya ofisi.

Ugomvi ulianza kwa mapatano mawili yaliyotiwa sahihi katika mwaka mmoja, na msomaji atavumilia kuelezwa habari zake kidogo, maana bila ya hayo mengine hayaeleweki. Mwishoni mwa mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya milki ya Seyyid Barghash wa Unguja. Zikamwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kuanzia mto Minengani unaoingia Ghuba ya Tungi hata Kipini. Kwa hesabu hiyo Kionga ni ya Sultani. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 30 Desemba, Ujerumani hiyo hiyo ikapatana na Ureno kwamba mpaka baina yao ni mto Ruvuma tangu mlangoni mwake. Kwa hesabu hii Kionga ni ya Wareno. Hakuna aliyelazimika kusema uongo ili mapatano hayo mawili yapingane. Ilitosha kwamba waliokaa mezani waliitazama nchi katika ramani, na katika ramani kipande kilichoko baina ya Ruvuma na Ghuba ya Tungi hufunikwa na ncha ya kidole.

Wareno hawakungoja. Mwezi wa Februari 1887 manowari zao zilivipiga kwa mizinga vijiji vya Ghuba ya Tungi, nao wakayatwaa mahali hapo kutoka kwa Sultani. Mwaka wa 1890 Ujerumani ikainunua haki ya Sultani katika pwani yake kwa marki milioni 4. Sasa hoja ikageuka. Wajerumani, waliokuwa wamekubali mpaka wa Ruvuma, wakasema ya kwamba pwani ya Sultani ilivuka Ruvuma kwenda kusini, na kwamba wao ndio walioinunua. Mwaka wa 1894 wakaweka watu wao Kionga. Mwisho Wareno wakakubali kwa shingo upande, na mstari ukapigwa kutoka karibu ya Rasi Delgado kwenda magharibi hata kukutana na Ruvuma, katika nyuzi 10 na dakika 40 kusini ya Ikweta. Ndipo ilipozaliwa ile iliyoitwa pembetatu ya Kionga: upande mmoja bahari, upande wa pili mto, na upande wa tatu hesabu tupu.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ilikuwa na uzito katika maisha ya watu. Kusini ya mstari ilitawala Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati ya kuendesha nchi hiyo tangu mwaka wa 1891, nayo ikaitoza nchi kodi ya nyumba na kuishika kazi ya shokoa hata ilipovunjwa mwaka wa 1929. Kaskazini walikuwa Wajerumani, ambao hawakuwa na sifa ya upole. Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907 vyatosha kushuhudia. Walakini mtu aliyeonewa hapimi tabia za madola. Hupima umbali wa usiku mmoja. Watu wengi walihama kutoka nchi ya Kampuni kwenda kaskazini, baadhi yao kabla ya Vita Kuu na wengine wengi baadaye, na Wamakonde wa Msumbiji walioenea mashambani mwa mkonge na miji ya Tanganyika ni sehemu ya msafara huo mrefu. Mpaka, ambao kwa serikali ni ukuta, kwa raia mnyonge aghalabu huwa mlango.

Tarehe 9 Machi 1916 Ujerumani ilitangaza vita juu ya Ureno. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Aprili, Wareno waliingia Kionga bila ya kupigana. Furaha yao ilikuwa kubwa kupita kiasi cha mahali penyewe. Hata stempu za posta zilitolewa: zilichukuliwa za Lourenço Marques, zikapigwa chapa juu yake neno KIONGA, kwa herufi ile ile waliyoifukuza katika imla yao. Wakusanyaji wa stempu duniani hulijua jina la kijiji hiki kwa ajili hiyo tu. Ni wapi pengine ambapo wavuvi na wakulima wa mihogo walipewa stempu zao wenyewe? Lakini stempu ile haikuwa ya mtu wa Kionga kumwandikia nduguye wa Mikindani. Ilikuwa ni hati ya ushindi yenye gundi nyuma.

Ushindi wenyewe haukuendelea. Mwezi wa Mei Wareno walijaribu kuvuka Ruvuma wakarudishwa. Walipovuka baadaye mwaka huo na kufika Newala, hawakuweza kukaa. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck naye akavuka kuelekea kusini, mbali huko bara, mahali Lugenda unapoungana na Ruvuma, paitwapo Ngomano au Negomano, akaivunja ngome ya Wareno na kujitwalia silaha na chakula chao. Ureno ilipoteza maelfu ya askari katika Msumbiji, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Na wapagazi wa Kiafrika waliofia njiani ni wengi kupita hao, wala hawakuandikwa majina. Vita vilipokwisha, Ureno iliomba zaidi katika nchi za Mjerumani. Mwaka wa 1919 ikapewa Kionga. Sehemu kubwa ya koloni ikawa Tanganyika chini ya Uingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji, na ile pembetatu ikarudi kusini.

Hapo yafaa kutua. Wandishi wa historia huipitia Kionga kwa mstari mmoja, kama senti iliyobaki baada ya kugawa fungu. Lakini watu wa mahali hapo hawakuwa senti. Kama wale mabwana waliokutana Paris wangaliiacha pembetatu pamoja na nchi iliyobaki, mtoto aliyezaliwa Kionga mwaka wa 1962 angalizaliwa raia wa Tanganyika huru, akasoma kwa Kiswahili, na vita vya ukombozi angalivisikia kama habari za jirani. Kwa uamuzi wa mwaka wa 1919 alizaliwa chini ya Ureno, akiwa na umri wa miaka miwili FRELIMO ilipoanza mapigano tarehe 25 Septemba 1964, na akiwa na miaka kumi na mitatu bendera ya Msumbiji ilipopandishwa tarehe 25 Juni 1975. Katika miaka hiyo ya vita wakimbizi wengi walivuka Ruvuma, na Tanzania iliwapokea. Sifa hiyo ni ya haki, na imesemwa mara nyingi.

Kuanzia mwaka wa 2010 gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari mbele ya pwani ya Palma, na mitambo mikubwa ikaanza kujengwa katika rasi ya Afungi. Tarehe 5 Oktoba 2017 yakaanza mashambulio ya wenye silaha huko Mocímboa da Praia, nayo yakaenea wilaya kwa wilaya. Mwezi wa Oktoba 2020 wakavuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, katika mkoa wa Mtwara. Tarehe 24 Machi 2021 wakauingia mji wa Palma. Watu walikimbia kwa miguu na kwa vyombo, na baadhi yao wakashika njia ya kaskazini, wakasimama Kionga kwa sababu wana jamaa huko, au kwa sababu miguu ilikataa.

Wengine wakaendelea hata mtoni na kuvuka. Wakati huu mlango haukuwa kama wa mwaka wa 1964. Serikali iliyokwisha kushambuliwa Kitaya ilikuwa na hofu ambayo mtu wa haki hawezi kuidharau. Lakini ni haki pia kusema kwamba maelfu ya waliovuka walirudishwa, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lililalamika hadharani. Hawakurudishwa walipovukia. Walichukuliwa bara kwa magari, mamia ya kilomita kutoka baharini, hata Negomano, pale pale alipovuka Lettow-Vorbeck. Wakavushwa kwenda kusini, wanawake na watoto wakiwa wengi, na wengi wao wakapelekwa Mueda, mbali na minazi.