Kwa miguu hadi Ras Kigomasha



Kwetu Bariadi, ukionekana na begi mgongoni unatembea mwendo mrefu, utaulizwa gari limeharibika wapi. Maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Victoria, kule Busega, na huko tunafuata dagaa na sato. Kwa hiyo nilipowaambia wifi zangu naenda Pemba kutembea ufukweni na kulala kwenye hema, walinitazama kama mtu aliyepatwa na jambo. Mjane! Eda yangu ya miezi 4 na siku 10 ilikwisha miaka miwili nyuma, lakini wapo ambao kwao eda ya mwanamke haina mwisho.

Nilikuwa na sababu. Palikuwa na posa. Kaka yangu, ambaye ndiye walii wangu, alikuwa anangoja neno langu, na mjane haozwi kwa kunyamaza kama mwari, lazima atamke. Dukani sikuweza kufikiri, cherehani zinalia, wateja wa sare za harusi wamejaa. Mdogo wangu ameolewa Konde. Kaka akasema twende.

Tulikuwa wanne, pamoja na shemeji, na mahema mawili. Shemeji alishaomba ruhusa kwa sheha na kwa watu wa msitu. Kutoka Konde njia inapita ndani ya Msitu wa Ngezi, mivule mirefu mpaka shingo inauma. Magharibi ikikaribia wanatoka popo wa Pemba, wakubwa kweli, aina isiyopatikana pengine popote duniani. Halafu Vumawimbi, mchanga mweupe mtupu.

Kazi inaanza ukielekea Ras Kigomasha. Mchanga ukiisha unakanyaga miamba ya matumbawe, ina makali kama msumeno. Siku za bamvua maji yakijaa huna pa kupita, basi ulizeni wavuvi saa ya maji kutoka. Makubadhi yaacheni nyumbani, vaeni raba za soli ngumu.

Nguo nilishona mwenyewe. Suruali pana ya pamba, juu yake gauni linaloishia chini ya goti, lenye mpasuo pande zote mbili ili hatua iwe ndefu, na hijabu ya kuvaa isiyotaka pini. Baibui refu kwenye mwamba litakuangusha. Kitambaa cha nailoni nacho sikishauri, jasho litakukera kabla ya adhuhuri. Mabibi harusi mnaopanga fungate ya kutembea, mwambieni fundi wenu ashone pindo mara mbili.

Swala haikutusumbua. Tulikuwa wasafiri, tulinuia kukaa siku tatu tu, tukapunguza na kukusanya. Udhu tulichukua baharini, maji yake ni tohara. Na jambo lililonigusa: ukiwa Pemba kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo pale Kigomasha unaposimama kuswali mbele yako hakuna nyumba wala mti, ni bahari tu.

Usiku mdogo wangu alipolala nilitoka nje ya hema nikaswali rakaa mbili za istikhara. Sikuota kijani wala nyeupe, kama bibi zetu wanavyosubiri. Nililala tu, usingizi mzito ambao sikuwa nao tangu msiba.

Asubuhi tulipanda ngazi za ule mnara wa taa wa chuma. Kaka alikuwa nyuma yangu anahema. Juu kule nikamwambia: nimekubali, ila duka sifungi, na ikitokea safari ya heri asinizuie. Akauliza mahari. Nikataja cherehani ya overloki.

"Na hema?"

Hema nitanunua mwenyewe. Tulipofika Konde alipiga simu Bariadi, nami nikakaa barazani na mdogo wangu, tukichambua miiba kwenye pindo za suruali.